Ngitili ya Donatus

Neno lile Donatus alilipata akiwa anaoga, na kwa furaha alitoka bafuni masikio yakiwa bado na sabuni.

Majuma matatu alikuwa akilitafuta. Alikuwa bwana samaki wa kwanza kupelekwa upande ule wa Kharumwa: kijana wa Kizinza aliyemaliza kozi ya miezi tisa, mwenye kofia ya kaki, baiskeli mpya, na mabwawa mawili aliyoyachimba pamoja na wanakijiji mwaka 1954. Mabwawa yalikuwa yamekubali. Kila juma samadi ya ng'ombe ilitiwa pembeni, maji yakageuka rangi ya mlenda, na ndani ya ukijani ule perege wakazaana na kunenepa. Tatizo lilikuwa mkiani. Maji yaliyozidi yalitoka kwa mfereji mpaka kijito cha Nyamwilale, na hatua mia tatu chini yake wanawake wa kijiji walifukua visima vyao mchangani.

Wa kwanza kuja alikuwa Mageni, ambaye wengi walimwita Mama Bujiku. Hakuleta maneno mengi. Alimwekea Donatus kibuyu cha maji miguuni, akamwomba anywe. Donatus alichungulia, akanusa, akasema ana kikohozi.

"Kikohozi hakigombani na maji," Mageni alisema, akakiacha kibuyu pale pale, akaondoka.

Siku ile Donatus aliona haya, lakini ilikuwa haya ndogo, ya kumfanya mtu ajipanguse suruali na kutazama pembeni. Hakujua bado kwamba haya nayo ina vipimo.

Dawa ya maji yale alikuwa ameonyeshwa kozini. Kati ya mabwawa na kijito alichimba shimo refu, pana, lisilofika magotini. Akalitandika kokoto na mchanga, akapanda matete na mafunjo yaliyong'olewa bondeni, kisha akayaelekeza maji ya mabwawa yapite humo taratibu, yakijipenyeza kwenye mizizi. Watu walipouliza nyasi zitasafishaje maji, aliwaambia kwamba matete yale ni tumbo la bwawa. Taka nzito hutuama. Zilizoyeyuka huliwa na viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho, wanaoishi kwenye ute wa mizizi, na wanachobakiza hao huliwa na matete yenyewe, ndiyo maana yananawiri hivyo. Mzee mmoja alisema hajawahi kusikia tumbo linaloingiza mavi na kutoa maji. Wakacheka, na Donatus akacheka nao, kwa kuwa alijua atawashinda.

Akawashinda kweli. Mvua ziliponyesha matete yaliota mpaka kupita kimo cha mtu. Donatus alijaza bilauri mbili, moja kutoka juu ya matete na moja kutoka chini. Ya juu ilikuwa ya kijani. Ya chini ilikuwa nyeupe, akaigugumia mbele ya watu. Mageni aliomba naye aonje. Aliyashika maji mdomoni kitambo, akameza, akasema yana ladha ya majani, na majani si uchafu.

Baada ya hapo ndipo shida ikaanza, maana matete mazuri yana kazi nyingi kijijini. Mmoja alikata ya kuezekea, mwingine ya kusuka vihenge, na ndama walionja ncha. Donatus alisimamisha ubao ulioandikwa MARUFUKU kwa rangi nyekundu. Siku ya tatu aliukuta umefunika mtungi wa pombe nyumbani kwa watu. Kila mara alipoeleza habari za viumbe wadogo walitikisa kichwa kwa adabu, na kila asubuhi alihesabu mashina mapya yaliyokatwa. Alihitaji neno ambalo watu wangelitii bila kuelezwa.

Ndilo alilolipata bafuni: ngitili.

Tangu afike alikuwa akiona namna Wasukuma wanavyoliheshimu jambo hilo. Mvua zinapoanza, eneo la majani hufungwa, na tangu hapo hakuna anayepeleka humo hata mbuzi mmoja. Hakuna uzio, hakuna askari, hakuna ubao. Inatosha kusema pale ni ngitili, na mtu atauzungusha mfugo wake nusu saa nzima ili asiukanyagishe ukingo. Donatus aliona kama amepewa ufunguo wa nyumba.

Mwezi wa pili wa mwaka 1955 alimwomba mwanangwa Mihayo, mkuu wa kijiji chini ya mtemi, awaite watu bwawani. Donatus hakutaka mkalimani. Kisukuma alikuwa amejifunza kwa miezi minne, na alikipenda kama mtu anavyopenda koti jipya. Alikivaa hata palipokuwa na joto. Alisimama juu ya tuta, akanyoosha mkono kuelekea kwenye matete, akawaambia kwamba kuanzia leo pale ni ngitili.

Ikawa kama alivyotarajia. Wazee waliguna kwa kukubali. Masele, mfugaji mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, ambaye kila mwaka ndiye aliyechagua siku za ngitili ya kijiji, alisema hilo ni neno la mtu mwenye akili na kwamba bwana samaki sasa amekuwa mwenyeji. Mihayo alikuwa tayari kufunga mkutano. Ndipo Mageni, akiwa na mwanawe mgongoni, akauliza kutoka nyuma:

"Na ngitili hiyo itafunguliwa lini?"

Donatus hakulipenda swali. Lilimfikia kama kile kibuyu. Hakujua ngitili kufunguliwa ni nini hasa; alihisi tu kwamba mwanamke yule ametafuta tena namna ya kumvua nguo mbele ya watu. Angeweza kuuliza. Sekunde moja ingemtosha kusema: nieleze, mama. Badala yake alitabasamu.

"Mama Bujiku, mambo ya samaki yana kozi yake. Wewe tuulizie mambo ya mtungi."

Wanaume walicheka, Masele zaidi ya wote. Mageni alimkaza mtoto mgongoni, akajitwisha mtungi, akashuka kuelekea visimani. Donatus aliandika barua kwa wakubwa wake jioni ileile, akieleza jinsi alivyotumia desturi ya wenyeji kulinda maji yao. Aliisoma mara mbili na kila mara ilimpendeza.

Miezi sita hakuna aliyegusa tete hata moja. Maofisa walikuja kutoka Geita wakapiga picha. Visimani maji yalikuwa meupe, na wanawake walioacha kumsalimia walianza tena kumsalimia. Naye alizoea kupita njia ya visimani hata alipokuwa hana shughuli huko.

Mwezi wa nane jua lilikuwa limekula kila kitu. Mbuga iligeuka ardhi nyeusi yenye nyufa, ng'ombe walibaki mbavu, na katika nchi yote ile ya kahawia kulikuwa na doa moja la kijani kibichi: matete ya Donatus. Yeye alikuwa Geita, kwenye kambi ya wachimba dhahabu, akipanga lori la kuja kuchukua samaki wa mavuno ya kwanza kwa ajili ya jiko la wafanyakazi. Alirudi siku ya tano kwa baiskeli, akapanda tuta, akakuta ng'ombe wa Masele ndani ya shimo.

Walikuwa zaidi ya arobaini. Walikuwa wamekula matete mpaka kwenye vikonyo, na kwato zao zilikuwa zimegeuza mizizi, kokoto na tope la miezi kumi kuwa uji mweusi. Masele alikuwa ameketi kando, ametulia, fimbo mapajani, kama mtu aliye katika haki yake. Alipomwona Donatus aliinuka kwa heshima.

"Mwadila, bwana," alimsalimia. Kisha akamshukuru. Alisema ngitili yake imewaokoa ndama, na kwamba wao walimngoja aifungue mwenyewe, wakaona yuko safarini na wanyama wanakufa.

Donatus hakusikia shukrani ile. Alisikia tu ng'ombe wakitafuna. Alimwita Masele mkaidi na mjinga, kwa Kiswahili, maana hasira ilikuwa imemvua koti lake. Alifika nyumbani, akaandika barua nyingine, fupi kuliko ile ya kwanza: kwamba mfugaji Masele amevunja amri kwa makusudi na kuharibu kazi ya serikali. Akampa tarishi aliyekuwa anaondoka muda uleule.

Kesho yake lori lilifika. Kuvua samaki wote kulihitaji bwawa litolewe maji, na maji yale mazito, yenye masazo ya mwaka mzima, hayakuwa na pa kupita ila pale pale palipokuwa na matete. Donatus alisimama mbele ya mlango wa bwawa, mkono juu ya mbao. Angeweza kulirudisha lori. Mpishi wa kambi angekasirika, wakubwa wangeuliza, na yeye angeonekana mtu asiyejua kupanga kazi. Akavuta mbao. Samaki walikuwa wakubwa, na watu wa lori walimsifu.

Siku mbili baadaye visima vilinuka. Mageni alimjia tena, mara hii bila kibuyu. Mtoto mgongoni alikuwa amelegea, kichwa kimelala upande. Alisema Bujiku anaharisha tangu jana, na wenzake wanne pia, na kwamba sasa maji wanayafuata mlimani, asubuhi kwenda na mchana kurudi. Donatus alianza kueleza habari ya ng'ombe wa Masele.

"Masele kafanya nini?" Mageni aliuliza. "Umesema ngitili. Ngitili hufungwa mvua zikianza, hufunguliwa kiangazi kikikaza, ng'ombe wale. Ndiyo maana yake. Ingekuwa ya kutofunguliwa, tungeifunga ya nini? Nilikuuliza itafunguliwa lini. Ukanijibu mtungi."

Hakupaza sauti. Alimgeuza mtoto upande mwingine, akaenda zake mlimani.

Ilimjia Donatus polepole, kama maji yanavyopanda kisimani, kwamba hakuna mtu yeyote kijijini aliyemkaidi. Walimtii neno kwa neno. Waliifunga alipowaambia ni ngitili, na waliifungua kwa sababu aliwaambia ni ngitili. Amri iliyowaingiza ng'ombe mle ilikuwa yake, ikatoka kinywani mwake, kwa Kisukuma kile alichokipenda. Akajikuta anajipangusa suruali, na hapo akajua kwamba mara hii kujipangusa hakutasaidia.

Lakini barua ilikuwa imekwenda.

Masele aliitwa kwenye baraza la mtemi. Donatus naye aliitwa kama shahidi, na usiku kucha alijiambia atasema kweli. Ukumbini alikuta watu wengi wa kijiji, na mbele, kando ya karani wa baraza, ofisa mmoja kutoka wilayani aliyeshika barua zake zote mbili. Ile ya kwanza ilikuwa juu. Ofisa alimwambia kwa upole kwamba barua ile ilisomwa kwa wenzao wa wilaya nyingine kama mfano.

Masele aliulizwa kwa nini aliingiza ng'ombe. Alisema: "Niliambiwa ni ngitili."

Karani alimgeukia Donatus, akamuuliza kama alitumia neno hilo.

Kulikuwa na nafasi. Donatus aliiona, pana kama mlango. Alimwona Mihayo akitazama miguu yake, akamwona Masele akimtazama yeye kwa matumaini, kwa kuwa alijua bwana samaki hawezi kulikana neno ambalo kijiji kizima kilisikia. Kisha aliiona barua mkononi mwa ofisa.

"Nilisema ni marufuku," Donatus alijibu.

Haikuwa uongo mtupu. Ubao ulisema hivyo. Karani akaandika. Hakuna aliyembishia, na hilo ndilo alilolibeba baadaye kuliko mengine yote: watu zaidi ya hamsini waliosikia kwa masikio yao, na hakuna hata mmoja aliyesema huyu anadanganya. Walimtazama tu, kisha wakaacha kumtazama, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaogeuza uso mwenzao anapojistiri kichakani.

Masele alitozwa dume lake jeusi, lile la mbegu. Alisikiliza hukumu, akauliza swali moja tu, kama ndama wake waliokula pale nao wana kesi. Baadhi walitaka kucheka, wakashindwa. Dume lilipelekwa mnadani siku ya tatu, likanunuliwa na mchinjaji wa kambi za dhahabu. Lililiwa na watu walewale waliokula samaki.

Kurudi kijijini kulikuwa kugumu kuliko Donatus alivyowaza, kwa sababu hakuna aliyemfanyia ubaya. Walimsalimia. Walimletea samadi. Lakini alipozungumza nao Kisukuma, walimjibu kwa Kiswahili, hata wale waliojua maneno yake kumi tu. Alipouliza jambo, walimwambia, "Kama utakavyosema wewe, bwana." Masele mwenyewe alikuwa mpole kuliko wote. Walipokutana njiani alishuka kando, akampisha na baiskeli yake, kama anavyopishwa mkubwa wa serikali. Donatus alianza kupita porini ili asipishwe.

Njia ya visimani aliiacha kabisa. Hata hivyo asubuhi aliwaona kwa mbali, mstari wa wanawake na mitungi ukipanda mlimani, na aliuhesabu mpaka ampate Mageni na mtoto mgongoni. Siku moja alimkosa mtoto. Mageni alikuwa peke yake, mgongo mtupu. Donatus aliitupa baiskeli, akawakimbilia, akafika anahema hata hawezi kuuliza. Mageni alimtazama muda mrefu kabla ya kumhurumia.

"Yuko nyumbani kwa bibi yake," alisema. "Amepona. Ni mzito sasa kwa mlima huu."

Donatus aliketi palepale njiani, juu ya mawe, mbele ya wanawake wote. Hakuna aliyecheka. Walimzunguka, wakaendelea na safari yao.

Alhamisi iliyofuata lilikuwapo baraza la kawaida, la ugomvi wa mipaka na mahari. Donatus aliomba kusema. Ofisa wa wilaya hakuwapo, lakini karani alikuwapo na daftari lake, na Donatus alimwomba aandike kila neno. Alisema kwa Kiswahili, taratibu. Alisema yeye ndiye aliyeyaita matete ngitili. Alisema aliulizwa itafunguliwa lini, naye akamdhihaki aliyeuliza badala ya kujibu, kwa kuwa hakujua jibu na hakutaka waone hajui. Alisema ng'ombe waliingia kwa haki. Alisema mlango wa bwawa aliufungua yeye, akijua matete hayapo, na maji yaliyowaumiza watoto hayakuwa kosa la mfugo wa mtu. Mwisho alisema katika ukumbi huuhuu alikana. Alikuwa amejiandaa kusema neno jingine baada ya hapo, la kuomba radhi, lakini aliliacha.

Karani aliuliza kama ana hakika, maana yakishaandikwa yatafika wilayani. Donatus alisema ana hakika, na kwamba anajua yatamnyima nini.

Dume halikuweza kurudi. Donatus alimsogezea Masele baiskeli yake mpaka miguuni, akasema hana kingine cha thamani. Masele aliizunguka, akaigusa taa, akaligusa bati la kukinga matope.

"Nzuri," alisema. "Lakini dume langu lilikuwa linapanda."

Ukumbi mzima uliangua kicheko, na Donatus akakipokea, maana kilikuwa kicheko chake halali. Masele aliichukua baiskeli vilevile. Alisema ataisukuma mpaka amsamehe, na siku akiipanda wajue amesamehe.

Mihayo ndiye aliyerudisha jambo kwenye maji. Matete yatapandwa upya, alisema, kila nyumba itatoa mtu, kwa kuwa visima ni vyao. Lakini kiangazi kijacho kitakuja, na ng'ombe watakonda, na vijana watauliza. Pale mahali pataitwaje, ili ijulikane hapafunguliwi kamwe? Wazee walijaribu maneno mawili matatu. Moja lilikuwa la makaburi, jingine la mzizi wa mganga. Hakuna lililofaa.

"Paitwe ngitili ya Donatus," Mageni alisema kutoka nyuma. "Atakayeuliza ni ngitili gani hiyo isiyofunguliwa, ataelezwa kisa chote. Akishaelezwa hatapasahau."

Wote walimgeukia Donatus. Alijua jina lile litakuwa nini. Litatajwa kila kiangazi. Litasimuliwa kwa wageni na kwa watoto ambao hawajazaliwa, na kila mara kisa kitaanza na kijana mwenye kofia ya kaki aliyesimama juu ya tuta akiwa amependa sauti yake.

"Itafunguliwa lini?" Mageni alimuuliza, kwa Kisukuma, kama alivyomuuliza mara ya kwanza.

Donatus alimjibu kwa Kisukuma, akimwita mama, na kilitoka kibaya, chenye kigugumizi.

"Haifunguliwi, mayu."

Karani akaandika jina.